Dawa ya Ukungu na Nyuki wa Shangazi

Kuna msimu watu walitoka Idsowe yote kuja kuangalia majani ya matikiti yangu. Sitanii. Yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, yametambaa mpaka ukingoni mwa mto bila doa hata moja. Wageni walisimama wakatikisa vichwa kwa kuyapenda. Kisha wakainama kufunua majani watafute matunda, wakainuka wameuma midomo wasicheke. Matunda hayakuwepo. Jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya upole kama majani yale hupikwa kwa nazi au bila nazi. Nilimpa jibu ambalo haliandikiki.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, na kwetu mwanamke aliyerudi ni mgeni asiye na siku ya kuondoka. Atapewa chakula, atapewa pa kulala, ardhi hapewi. Mashamba ya kando ya Tana hukatwa mikanda mikanda, kila mkanda unaanzia majini ukipanda juu, na kila mkanda una mwanamume wake. Wangu haukuwepo. Lakini maji ya El Niño yalipoondoka yaliacha tope jipya, jeusi, zuri la kutia jembe, kwenye kipande kimoja cha baba ambacho kaka zangu hawakukitaka. Hawakukitaka kwa sababu kilipakana na malka, ile njia ambayo wafugaji huteremshia ng'ombe mtoni kunywa maji, na kwa sababu viboko nao walipenda kupandia hapo hapo.

Nikakiomba. Kaka zangu walicheka, baba hakucheka. Akanijibu.

"Lima. Kikizaa ni chako, na nitasema hivyo mbele ya kaka zako. Kisipozaa, kinarudi kwao."

Siku hizo nilikuwa na hasira za kunitosha kulima kutoka pale hadi Garsen. Nililima.

Matikiti yalipoanza kutambaa ugonjwa ukaingia. Sisi tuliuita unga, maana majani yanakuwa kama yamemwagiwa unga wa ngano, halafu yanakauka na kukunjamana. Baada ya mafuriko yale unga ulikuwa kila mahali. Nikaenda Garsen kwenye duka la dawa za shamba, na muuzaji akanitolea pakiti ya poda ya kuchanganya na maji. Nilimuuliza kama itaua nyuki, kwa sababu mizinga ya shangazi yangu ilikuwa imetundikwa kwenye mikuyu mpakani mwa kile kipande, na shangazi si mtu wa kuchezewa. Muuzaji akanionyesha maandishi: dawa ya ukungu, si ya wadudu. Hakusema uongo. Ukungu ni ukungu na mdudu ni mdudu, hata mimi niliona jambo hilo halina maswali.

Pampu ya mgongoni niliiazima kwa mfugaji mmoja Muorma, mtu wa makamo, mpole, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakishukia malka yetu. Na dawa nilipiga asubuhi, kama kila mtu, ila mimi nilipiga mara nyingi kuliko wote.

Hapo kwenye asubuhi lazima nisimame kidogo. Mahali pengine watu hupiga dawa jioni, jua likipoa. Sisi wa ukingoni, jioni shamba si letu. Alasiri viboko wanaanza kusogea nchi kavu, na kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji hana salamu na wewe. Tangu tukiwa watoto tulifundishwa kwamba shamba la mtoni ni la asubuhi, jua likivuka utosi, toka. Kwa hiyo kila dawa iliyowahi kupigwa pale ilipigwa umande ukishakauka, maua yakiwa yamefunguka wazi. Hiyo haikuwa kanuni ya kilimo, ilikuwa kanuni ya kubaki hai. Hakuna aliyeihoji.

Ua la kike la tikiti huja na mimba yake. Nyuma ya ua pana kitikiti kidogo kama punje ya njugu, kimeshachorwa na mistari yake. Ukikiona moyo unaruka. Vyangu vilikaa kidogo, vikageuka manjano, vikadondoka. Vichache vilivyoshika vilikua vimepinda, upande mmoja umenona na mwingine umesinyaa. Unga ulikuwa umeisha kabisa, majani yalikuwa yanang'aa, na matunda hakuna. Huo ndio msimu watu walipokuja kunitazamia majani.

Baba hakunicheka, na hilo liliniuma kuliko kucheka. Alisema tope bado zuri, nipande tena, lakini hiyo ndiyo ya mwisho, kwa sababu kaka zangu walikuwa wameanza kuuliza.

Nikapanda. Unga ukarudi, nami nikapiga dawa kwa bidii kushinda mwanzo, kwani mimi kitu kikinishinda hukizidishia nguvu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwembamba kama mwiko, na nyuki wake aliwaita watoto. Asubuhi moja nilimwona anakuja kati ya matuta amebeba kipande cha jani la mgomba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chakula cha moto. Juu yake palikuwa na majana, yale mabuu meupe ya nyuki, yamekufa.

"Nimeyaokota chini ya mzinga," akasema. "Nyuki hamtupi mtoto wake nje bure. Wewe mwanangu unawalisha nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya ukungu na wadudu, kama nilivyoonyeshwa dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwamba nyuki hawajui kusoma pakiti. Akasema mizinga imekuwa myepesi, ukiigonga inaitika kama debe tupu, na kwamba nisipojua ninachokifanya yeye atakuja kukaa katikati ya shamba langu na hakuna atakayemtoa. Nilimwamini. Shangazi akisema atakaa, anakaa.

Kijiji kizima kikailaumu pampu. Pampu ni ya mfugaji, wakasema, na mfugaji hupulizia ng'ombe dawa ya kupe, na dawa ya kupe inaua kila chenye miguu mingi. Baba ndiye aliyelishika neno hilo kwa mikono miwili. Alikuwa amenikataza kuazima vitu kwa wafugaji, na sasa alikuwa na la kusema wakati wa chakula cha mchana na cha jioni.

Nikaenda kwa yule mfugaji mdomo ukiwa moto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza yote, na yalikuwa mengi. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba yake akanionyesha pampu nyingine, nyekundu, inanuka dawa ya kupe mpaka macho yakawasha.

"Dada, ya kupe ni hii," akasema. "Hii haitoki hapa. Ile yako haijaona kupe. Mimi nikikudanganya, Mungu anaona."

Uso ulinishuka. Nilimwomba radhi, naye akaniletea maziwa, na kule kwao ukiletewa maziwa basi ugomvi umekwisha. Nilirudi nyumbani nikijua jambo moja tu, kwamba pampu ni safi. Kilichokuwa kinanimaliza sikukijua bado, na maua ya msimu wa mwisho yalikuwa yameshaanza kufunguka.

Jibu nililipata kwa sababu ya mpira mbovu. Asubuhi moja nilikuwa nimeshapiga dawa nusu ya shamba, upande wa mizinga, mpira wa pampu ukapasuka ukanimwagia dawa mgongo mzima. Nikanawa mtoni huku nikitukana. Mpira wa kubadilisha haukupatikana Garsen, ikabidi uagizwe Malindi, na wa Malindi ukachelewa kama kawaida ya vitu vya kuagiza. Nusu ya pili, ile ya upande wa malka, ikabaki bila dawa. Unga ukayapanda majani yake mbele ya macho yangu. Nililia, sioni haya kusema. Nililia nikipita kwenye matuta na kung'oa majani yaliyokauka, na hapo ndipo mkono wangu ukagusa tikiti.

Lilikuwa kama ngumi, la duara kabisa, limeshika kikonyo sawasawa. Nikafunua jani la pili, lipo. La tatu, yapo mawili. Majani yalikuwa mabaya kama ndui na chini yake matunda yamejaa. Nikakimbia upande niliopiga dawa, nikafunua, nikafunua. Vilikuwepo vile vidogo vya manjano tu, vimedondoka.

Mpira ulipofika sikuharakisha. Nilipiga dawa tuta moja asubuhi, la pili yake nikaliacha, nikakaa chini katikati na kanga kichwani. Kwenye tuta lililoachwa nyuki walikuwa wanaingia kwenye maua kichwa kichwa, wanatoka wamejipaka manjano mpaka miguuni. Kwenye tuta lenye dawa walikuja, wakaning'inia juu ya ua, wakaondoka. Waliothubutu kutua walisimama tu wakijifuta miguu, wazito, kama watu waliokunywa kitu kibaya. Na jua lilipopanda maua yote yakajifunga, ya tuta hili na ya lile. Kesho yake nilirudi kuangalia. Ua lililojifunga jana halikufunguka tena.

Hapo nikaelewa. Ua la tikiti lina asubuhi moja tu duniani, na asubuhi hiyo hiyo ndiyo sisi tulikuwa tunaijaza dawa. Nyuki hakufa pale nikamwona, ndiyo maana nilidanganyika. Alilikataa ua, au alichukua chavua yenye poda akaipeleka nyumbani kulisha majana. Poda ile iliwafanya nini watoto wa nyuki huko ndani, sijui, mimi si mtaalamu. Najua nilichokiona kwenye matuta yangu na nilichokiona juu ya jani la mgomba la shangazi. Nilicheka peke yangu pale chini, kwa sauti, mpaka mtu aliyekuwa anapita malka akaharakisha mwendo.

Lakini kujua si kupona. Nikiacha dawa, unga unamaliza majani na matunda yanaungua na jua. Nikipiga, matunda hayaji. Nikampelekea shangazi habari nzima, na yeye hakuona ugumu wowote. Alisema nyuki wana adabu kuliko watu, jua likielekea kuzama wanarudi kwao, na ua likijifunga limejifunga. Nipige jioni, dawa ikauke usiku, asubuhi maua mapya yafunguke safi. Nikamkumbusha viboko. Akasema hilo ni la kwangu na viboko.

Baba alikataa katakata. Alisema hakuzaa mtoto ili amkabidhi kiboko, na kwamba kama tikiti linataka mtu afe, basi tikiti likome. Sikubishana naye, jambo ambalo lilimtia wasiwasi. Nilikwenda tena kwa yule mfugaji.

Nilichokitaka kwake kilikuwa hiki. Ng'ombe wake walikuwa wanashuka malka mchana. Ng'ombe wakijaa ukingoni, na mbwa, na wachungaji na mikuki yao, na kelele zile, kiboko hapandi. Anabaki kilindini mpaka watu waondoke. Sasa, siku za kupiga dawa, yeye awalete ng'ombe jioni, wanywe taratibu, na mimi nipige dawa hapo hapo kando yao. Nami nikamwahidi kwamba upande wetu hakuna atakayewarushia tena ng'ombe wake mawe wakipita malka, kwa sababu walikuwepo waliokuwa wanarusha, na wengine walikuwa wa damu yangu.

Aliwaza, mswaki mdomoni. "Ng'ombe watakunywa jioni," akasema. "Kiu kidogo haiui ng'ombe. Mawe ndiyo yanaharibu watu."

Baba aliposikia alishika kichwa. Miaka ile ng'ombe mmoja ndani ya shamba la mtu alitosha kuwatoa wanaume nje na silaha, na mimi nilikuwa nawaita ng'ombe wenyewe, jioni, kando ya matikiti ambayo hayana uzio wala miba ya kuyalinda. Hakunikataza tena. Siku ya kwanza alikuja mwenyewe na fimbo akasimama mpakani, kati ya shamba na malka, uso umekunjamana, akitaka kuona kwa macho yake mambo yatakavyoharibika.

Ng'ombe walishuka na vumbi lao. Mimi nilikuwa nimeshajaza pampu, nikaanzia tuta la majini, kwa sababu ukianza na la mbali utajidanganya kwamba la majini linaweza kungoja kesho. Katikati ya mto kichwa kikatokea, masikio yakapepea, pua ikapuliza maji. Kikatutazama, mimi na ng'ombe na baba. Ng'ombe waliendelea kunywa, wachungaji wakaendelea kupiga mbinja, na kichwa kikazama. Nikaendelea na tuta la pili.

Kisha mtamba mmoja mweupe akajitenga na wenzake, akapanda ukingo, akanyoosha shingo juu ya majani yangu. Baba akainua fimbo. Wachungaji wakashika mikuki yao. Niliona mikono yao na niliona mkono wa baba, na pampu ikawa nzito kama nimebeba mtu. Yule mfugaji hakukimbia wala hakupiga kelele. Alipiga mbinja moja ndefu, ya kushuka, na mtamba akageuza shingo, akatafakari, akarudi majini. Baba akashusha fimbo taratibu. Mimi nikamaliza matuta yaliyobaki mwanga ukiwa bado upo.

Siku zilizofuata niliwahi shambani kabla ya jua. Maua yalifunguka safi, na nyuki walikuja kwa mvumo ambao sikuwahi kuusikia pale, shamba zima linanguruma. Majani yalibaki na afya. Vile vitikiti vya punje ya njugu vikashika, vikawa ngumi, vikawa vichwa vya watoto, vikaanza kujilaza kwenye tope kwa uzito. Shangazi alikagua chini ya mizinga yake kila asubuhi akakuta majani makavu tu. Alipokuja kuniambia aliigiza mlio wa mzinga unavyoitika sasa ukigongwa, sauti nene ya kitu kilichojaa, na akacheka mpaka akashika mbavu.

Tulipovuna, matikiti yalipangwa kando ya barabara mpaka lori lililokuwa linaelekea Malindi kupitia Tarasaa likalazimika kuacha baadhi ya mizigo yake ili kuyachukua. Kaka zangu walibeba, nami niliwaelekeza wapi pa kuweka. Wallahi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikawa na kiburi, na sikukificha. Watu wa mashamba ya jirani walianza kuniuliza ng'ombe watashuka lini jioni, ili na wao watoe pampu zao. Kabla ya msimu ule kwisha, ukingo mzima ulikuwa unapiga dawa kwa saa ya ng'ombe, na mawe ya malka yalibaki chini.

Baba alikuwa hajalisema lile neno aliloahidi kulisema mbele ya kaka zangu. Alikula tikiti langu, akamaliza, akanawa mikono. Kaka zangu walimtazama, nami nikakusanya maganda. Nilikuwa nimevuna, lakini neno la baba lilikuwa bado tumboni mwake.

Wiki ile ile yule mfugaji alikuja nyumbani kwetu amevaa kanzu, na wazee wawili wa kwao. Kiangazi kilikuwa kimeanza kuuma na nyasi hazikuwepo. Shambani mwangu yalibaki majani ya matikiti na yale matunda madogo ya mwisho yasiyouzika, na dawa nilikuwa nimeacha kupiga kitambo kabla ya kuvuna. Waliketi, wakasalimia, wakaulizia afya ya kila mtu na ya kila mnyama, kama inavyostahili. Kisha mkubwa wao akamgeukia baba, kwa heshima, akaomba kwa niaba ya wote ng'ombe waruhusiwe kuingia kula mabaki ya shamba.

Kaka yangu mkubwa akafungua mdomo. Baba akamwinulia kiganja.

"Mimi nitawajibu vipi?" akasema. "Shamba lile lina mwenyewe. Mwenyewe ni yule pale, muulizeni."

Wale wageni watatu wakageuka kwenye viti vyao, wakanielekea mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, na mkubwa wao akaanza upya maombi yake yote, tangu salamu. Nilimwacha amalize. Macho yalikuwa yamenijaa machozi, na sikuyafuta.

"Waingie," nikasema. "Waleteni kesho."